Diploma ya pili, nani anatia sahihi?

Lubumbashi. Kwa kawaida ninawaandikia habari za watu wengine: umeme unaokatika, bei ya mfuko wa unga, ajali za malori kwenye njia ya Kasumbalesa. Leo naomba ruhusa niandike habari ya nyumba yangu mwenyewe.

Sababu ni mabango. Kila mwaka likizo kubwa inapokaribia, mabango ya shule yanatokea kwenye njia panda zote za mji wetu. Utaona mtoto mwenye tai, kompyuta mbele yake, na maneno makubwa: shule ya kimataifa, lugha mbili, diploma mbili. Wiki iliyopita, nikiwa juu ya pikipiki ya manseba, nilihesabu manne toka Katuba hadi katikati ya mji. Jioni ile jirani yangu akaja na karatasi ya tangazo mkononi. Akaniuliza: "Papa, wewe mwandishi wa habari, hii diploma mbili ni ya kweli?"

Nilimpa kiti, nikamweleza kwa saa nzima. Alipoondoka, mama wa watoto wangu akasema: "Umemwambia mtu mmoja. Waambie na wengine. Umekaa kimya vya kutosha." Basi ndiyo hii.

Kwa nini tulienda kule

Miaka mingi iliyopita nilitumwa kufuatilia mkutano wa kampuni moja ya madini na waandishi wa habari. Mhandisi aliyekuja kujibu maswali alisema Kiingereza tu, na mkalimani hakufika. Mimi nilisoma kwa Kifaransa toka mwanzo hadi chuo. Nilisimama pale na kalamu yangu, nikiandika tarakimu nilizozisikia na kukisia yaliyobaki. Aliyeniokoa ni dereva wa lori, kijana wa Kasumbalesa ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Alinitafsiria yote, tena bila kuomba hata chupa ya maji. Siku ile niliapa moyoni kwamba watoto wangu hawatapata haya kama mimi.

Anayekaa Lubumbashi anajua ninachosema. Mpaka wa Zambia uko karibu. Mahindi yetu mengi yanatoka kule, malori ya shaba na kobalti yanapita kule, na wengi wetu tuna ndugu Kitwe na Ndola. Kwenye migodi, kazi nzuri zinaomba Kiingereza. Kifaransa kinakuingiza ofisini kwa serikali, Kiingereza kinakuingiza kwenye lango la mgodi. Mzazi anayetafuta shule yenye lugha zote mbili hafuati fahari tu, anapiga hesabu ya maisha.

Mwaka 2018 binti yetu mkubwa alimaliza darasa la sita. Tulikuwa tumesikia habari ya shule moja mpya ya binafsi. Sitaitaja jina, wala sitasema iko komini gani, maana shida niliyoikuta kule iko na kwingine. Tulikwenda mimi na mama yake. Madarasa safi, watoto ishirini na watano kwa darasa, vyoo vyenye maji. Promota mwenyewe alitupokea, mtu wa heshima, akatuketisha kwenye viti vya ngozi na kutueleza: asubuhi mtoto atafuata programu ya taifa kwa Kifaransa, mchana hesabu na sayansi kwa Kiingereza. Mwishoni atatoka na diploma ya serikali ya Kongo mkono wa kulia, na diploma ya kimataifa mkono wa kushoto.

Sisi hatukuuliza swali hata moja la maana. Niliuliza kama kuna basi la shule.

Hesabu yetu

Minervali ilikuwa dola 1,400 kwa mwaka, kwa trimesta tatu. Juu yake dola 150 kila mwaka, ambazo kwenye risiti ziliandikwa "gharama za diploma ya pili". Mimi ni mwandishi wa mtaa, mama wa watoto anauza vitenge sokoni. Hesabu haikutosha. Tulikuwa na lupango mmoja upande wa njia ya Kipushi, tulioununua kidogo kidogo ili tujenge nyumba yetu. Tuliuuza dola 5,000. Baba yangu mdogo alinikasirikia: "Unauza udongo ili ununue karatasi?" Nilimjibu kwamba udongo hauhami, lakini mtoto aliyesoma anakwenda popote. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Mwaka uliofuata, Septemba 2019, serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi tangu zamani. Lilikuwa jambo jema, watoto wengi wa mtaa wetu waliokuwa nyumbani walirudi shuleni. Lakini madarasa ya shule za umma yalijaa hadi watoto wakakaa chini. Mdogo wake binti yetu alikuwa katika mojawapo. Wazazi wenye uwezo kidogo walianza kukimbilia shule za binafsi, na mabango yakaongezeka. Sisi tulijisifu kwamba tulitangulia.

Na niseme ukweli: Kiingereza kilifundishwa. Mwalimu alitoka Zambia, mtu mpole asiyechoka, na baada ya miaka miwili binti yangu alikuwa akisoma vitabu ambavyo mimi nashindwa kusoma hata jalada lake. Tukienda Kasumbalesa yeye ndiye alikuwa akizungumza na Wazambia, mimi nikibeba mizigo. Hilo sitalisahau, na wala sitalisema vibaya.

Kitu kimoja tu kilituumiza toka mwanzo. Pale shuleni mtoto akisikika anasema Kiswahili, hata wakati wa kucheza, alilipa faranga 500. Polepole binti yetu akaanza kuogopa lugha yake. Tulipokwenda kumwona kambo wake kule komini ya Kenya, alimjibu kwa Kifaransa. Kambo akamtazama, akaniuliza mimi: "Huyu mtoto, mimi namlipa ngapi ili aseme na mimi?" Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kiswahili kimo katika kifungu cha kwanza cha Katiba yetu, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, kama lugha ya taifa. Shule inayoitwa ya lugha mbili haikatazwi kuheshimu ya tatu.

Siku ya swali

Binti yangu alipokuwa mwaka wa pili wa humanite, tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi. Promota alitangaza kwamba minervali itapanda, kwa sababu "kiwango cha kimataifa" kina gharama. Chumba kilikuwa kimejaa watu wenye vyeo, mahakimu, mainjinia, wafanyabiashara. Kila mmoja alikuwa na wasiwasi wake, ila hakuna aliyetaka kuonekana mshamba mbele ya mwenzake.

Mimi pia nilikaa kimya. Ni aibu kuandika, lakini ni kweli. Mimi ninayewauliza mabwana wakubwa mbele ya maikrofoni pesa ya barabara ilikwenda wapi, niliangalia viatu vyangu. Niliogopa kwamba binti yangu ataangaliwa vibaya. Niliogopa zaidi kusikia jibu.

Aliyesimama ni mama wa watoto. Aliomba neno, kwa Kiswahili, akasema: "Jambo sana, Papa promota. Mimi ni mfanyabiashara. Mtu akiniletea kitenge, natafuta jina la kiwanda kwenye upindo. Sasa hii diploma ya pili, nani anatia sahihi?"

Watu wengine walicheka. Promota naye alicheka kidogo, akapanga miwani yake. Alianza kueleza habari ya washirika wa ng'ambo, dosye iliyo njiani, barua zinazosubiriwa. Mama wa watoto hakuketi. Akarudia: "Nimesikia, Papa. Lakini mwaka huu, mtoto akimaliza leo, nani anatia sahihi?"

Promota akasema: "Kwa sasa, ni mimi."

Chumba kizima kilinyamaza.

Diploma mbili ni nini hasa

Baada ya siku ile nilifanya kazi ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza. Nilitafuta, nilipiga simu, nilisoma. Haya ndiyo niliyomweleza jirani yangu, na ninyi pia nawaeleza.

Diploma ya kwanza haina fumbo. Ni ya serikali. Egzeta ipo tangu 1967, na haitolewi na shule. Kwanza ni sehemu inayotangulia, ambayo ndani yake kuna insha ya Kifaransa, kisha siku nne za maswali: elimu ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya chaguo lako. Ukipata asilimia 50 umefaulu, na serikali inatia sahihi. Lakini ili mtoto aandikishwe kwenye Egzeta, shule yake lazima iwe inatambuliwa na serikali, na itambuliwe kwa chaguo lile na kwa madarasa yale. Kutambuliwa kwa shule ya msingi hakutoshi kwa humanite.

Diploma ya pili ndiyo yenye sura nyingi. Niliona aina nne.

Aina ya kwanza ni mitihani ya nje, kama ile ya Cambridge ya Uingereza. Shule inaandikishwa kama kituo, karatasi za mtihani zinakuja zimefungwa, na majibu ya watoto yanasahihishwa na watu wasiomjua promota wala mzazi. Hapa mtoto anapata cheti kwa kila somo alilofanya, kwa alama za herufi. Mtoto mwenye masomo mawili tu hana kitu kimoja na mwenye saba, hata kama mabango yanawaita wote "wenye Cambridge".

Aina ya pili ni Bakaloreya ya Kimataifa, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Ile ni diploma nzima: masomo sita pamoja na kazi nyingine za utafiti, alama 45 kwa jumla, na mtu akiwa chini ya 24 hapati. Shule haiwezi kuanza kuifundisha bila kupewa kibali na shirika lenyewe, na kibali hicho si cha bei ndogo.

Aina ya tatu ni diploma ya sekondari ya Kimarekani. Wengi hatujui kwamba Marekani haina mtihani mmoja wa taifa kama Egzeta yetu. Kule shule yenyewe ndiyo inatoa diploma. Kwa hiyo thamani yake inatoka kwa chombo kinachokagua shule ile na kuithibitisha. Kama shule ya Kongo inafanya kazi na shule ya Marekani kwa njia ya intaneti, uliza shule ile imethibitishwa na nani.

Aina ya nne ni karatasi nzuri yenye nembo ya dhahabu, iliyochapishwa hapa hapa mjini, yenye sahihi ya promota. Yetu ilikuwa hiyo.

Kuna jambo lingine. Hata diploma ya ng'ambo iliyo ya kweli haikuingizi moja kwa moja katika chuo kikuu cha Kongo. Kama huna diploma ya serikali, unatakiwa kuomba wizarani karatasi ya ulinganifu, ile ambayo ofisini wanaita ekivalansi. Kwa hiyo mtoto anayetaka kusoma UNILU asidharau Egzeta eti kwa sababu anayo ya kimataifa.

Gharama ya kuhama

Baada ya mkutano, baadhi ya wazazi waliendelea. Sikuwashangaa. Mmoja aliniambia mtoto wake atakwenda Ulaya kwa vyovyote, diploma ataitafuta kule kule. Mwingine alisema tu kwamba amechoka kubadili shule. Sisi tuliamua kumtoa.

Hapo ndipo tulipokuta shimo la pili. Shule ya masista tuliyomwombea nafasi ilitaka bulteni zake zote. Mama prefe alizigeuza, akatafuta namba ya kibali cha sehemu ya humanite. Haikuwepo. Ile shule ilikuwa na kibali cha hadi mwaka wa nane tu. Humanite ilifundishwa huku dosye ikiwa bado ofisini. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba walikuwa wamepanga kuwaandikisha watoto kwa jina la shule nyingine siku ya Egzeta itakapofika. Yaani binti yangu angefanya mtihani kama mwanafunzi wa shule ambayo hajawahi kuingia hata lango lake.

Mama prefe alimpa jaribio. Alifaulu hesabu, alifaulu sayansi, alianguka Kifaransa cha kuandika. Alituambia kwa upole: "Papa, Mama, mtoto ana akili. Lakini karatasi zake haziwezi kusimama. Arudie mwaka wa pili hapa, awe na bulteni safi." Binti yangu alilia njia nzima hadi nyumbani. Alikuwa amekaa mbele ya darasa miaka minne; sasa atakaa na watoto waliokuwa nyuma yake. Hakutulaumu kwa mdomo. Siku chache alikula bukari yake kimya, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Nilipiga hesabu usiku mmoja: miaka minne, dola 6,200. Lupango wa Kipushi uliondoka, na mwaka mmoja wa ujana wa binti yangu uliondoka pamoja nao. Ile dola 150 ya kila mwaka niliidai kwa barua. Sijapata jibu hadi leo.

Poda

Mwaka huu alifanya Egzeta. Siku ya insha ya Kifaransa mama yake hakwenda sokoni, alikaa nyumbani akipika sombe ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Majibu yalipotoka, tulisoma namba yake kwenye simu ya jirani kwa sababu yetu haikuwa na chaji. Asilimia 61. Kabla sijamaliza kusema, watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kuleta poda. Walimmwagia kichwani, wakammwagia mama yake, wakanimwagia na mimi hadi suti yangu ya kazi ikawa nyeupe. Kambo alitolewa Kenya kwa taksi. Alimshika mashavu, na binti yangu akamwambia kwa Kiswahili: "Kambo, tumeshinda." Tangu alipotoka kwenye ile shule ya faini, lugha yake ilirudi yenyewe.

Sasa anasubiri kuingia chuo. Wakati huu wa kungoja, anafundisha Kiingereza watoto sita wa mtaa wetu, jioni, kwenye baraza, kwa faranga kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa na mahojiano na mgeni mmoja wa mgodi, nikamwomba anisindikize. Alinitafsiria vizuri kuliko nilivyostahili. Kwa hiyo siwezi kusema pesa yote ilipotea. Kiingereza alichokipata ni cha kweli. Ni ile karatasi iliyokuwa ya uongo, na sisi tulilipia vyote viwili kwa bei moja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Simkatazi mtu kumpeleka mtoto shule ya lugha mbili. Shule za kweli zipo, na walimu wazuri wapo. Lakini kabla hujauza lupango, uliza haya.

Kwanza, omba namba ya kibali cha serikali, na uone kama kinataja humanite na chaguo la mtoto wako. Kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi ya elimu ya eneo lako ukathibitishe. Pili, uliza ni shirika gani linatoa diploma ya pili, halafu tafuta jina la shule kwenye orodha ya shirika lenyewe, si kwenye karatasi ya tangazo. Tatu, omba kuona cheti cha mtoto aliyekwisha kumaliza. Shule ikiwa mpya na haina hata mmoja, ikwambie wazi, usiambiwe kwamba "dosye iko njiani". Nne, uliza mitihani ya pili inasahihishwa wapi, na ada yake inalipwa kwa nani. Tano, uliza mtoto akihama kesho, bulteni zake zitapokelewa wapi.

Na swali lile la mama wa watoto wangu, liulizeni kwa sauti, mbele ya wenzenu. Mimi nililiogopa, na lilitugharimu. Jirani yangu alikwenda jana kuliuliza kwenye shule ile ya tangazo. Walimwambia arudi Jumatatu. Atarudi, na safari hii nitakwenda naye. Mtakachotaka kujua, nitawaandikia.